Data ni Chaki ya Leo: Mwalimu Asiinunue kwa Mshahara Wake

MWALIMU mkuu ambaye leo hii angesimama mbele ya walimu wake na kuwaagiza kwamba kuanzia Jumatatu kila mmoja aje kazini na chaki aliyoinunua kwa fedha zake, angestaajabiwa na watu wote. Kamati ya shule ingemwuliza ameyatoa wapi madaraka hayo. Ofisa Elimu wa kata angemtaka maelezo kwa maandishi. Tawi la chama cha wafanyakazi lingekwisha peleka barua kabla jua halijatua. Kwa maana chaki ni zana ya kazi, na zana ya kazi ya umma hutolewa na umma. Jambo hilo halihitaji semina.

Hata hivyo, agizo la namna hiyo hiyo limekwisha tolewa nchini, tena mara nyingi, na hakuna aliyestaajabu. Limetolewa kwa sauti ya upole na kwa lugha tamu ya maendeleo. Mwalimu ameambiwa ajaze taarifa za wanafunzi katika mfumo. Ameambiwa apakue mihtasari ya mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024. Ameambiwa afuate mafunzo endelevu kazini kwa njia ya mtandao. Yeye na mtumishi mwenzake wa ofisi ya kata wameambiwa waombe likizo na uhamisho, wapange malengo yao ya mwaka na waeleze utekelezaji wake, yote hayo mtandaoni. Jambo moja tu hawakuambiwa: nani atalipa gharama ya mtandao huo. Na kwa kuwa hawakuambiwa, wamelipa wao.

Msomaji anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake na afike kata ya Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda. Mkoa wa Katavi ni mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mpanda ndiko reli ya kutoka Tabora inakoishia, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtumishi aliyeko mahali pa namna hiyo ndiye anayeuhitaji mtandao kuliko yule wa mjini, kwa kuwa kila karatasi inayotumwa kwa waya inamwepusha na safari ya basi, nauli, nyumba ya wageni na siku za kazi zinazopotea njiani. Kwa hiyo haifai mtu yeyote asome makala haya akidhani kwamba mifumo ya mtandao inapingwa. Mifumo hiyo ni ukombozi kwa watu wa mbali. Kinachopingwa ni ukombozi unaotozwa kiingilio mlangoni.

Jioni, kazi za shule zikiisha, mwalimu wa Shanwe hufungua kompyuta yake ndogo ya mapajani, ambayo mara nyingi ameipata kwa mkopo, akaiweka mezani kando ya madaftari yanayosubiri kusahihishwa. Kompyuta hiyo haina laini yake. Huvuta mtandao kutoka katika simu ya mwenyewe. Kabla hajaiunganisha, mwalimu hutazama salio la kifurushi kama mama wa nyumbani anavyotazama unga uliobaki kabla hajabandika sufuria. Kisha hupima. Je, MB hizi zipakie alama za darasa la 6, au zikamilishe taarifa ya utendaji wake, au zipakue kitabu cha kiada cha somo la kesho? Zote tatu haziwezekani. Basi hulichagua lile ambalo mkubwa wake atalikagua kwanza, na somo la kesho huachwa lijitegemee.

Hapo ndipo hasara ya Taifa inapoanzia. Wakubwa huona taarifa zimefika, nao huridhika. Hawaoni kitabu ambacho hakikupakuliwa.

HESABU YA MWEZI MMOJA

Wako watakaosema kwamba gharama yenyewe ni ndogo na kwamba kelele ni kubwa kuliko ngoma. Na ifanywe hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha kwamba MB 1 ndani ya kifurushi huuzwa kwa wastani wa zaidi kidogo ya shilingi 2, na nje ya kifurushi kwa zaidi ya shilingi 9. Ichukuliwe sasa kwamba kazi ya umma peke yake inamhitaji mwalimu atumie GB 6 kwa mwezi. Hizo si nyingi. Mkutano mmoja wa video wa saa 1 unaweza kumeza GB nzima. Masomo machache ya mafunzo kazini yaliyorekodiwa kwa picha humeza nyingine. Ongeza vitabu, mihtasari, barua zenye viambatisho, na kurasa za mifumo ambazo hukatika katikati zikalazimika kufunguliwa upya.

GB 6 ni MB 6,144. Kwa bei ya shilingi 2 tu kila moja, mwalimu hulipa shilingi 12,288 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 147,000. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kuanzia Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na nyongeza hiyo ilipokewa kwa shangwe iliyostahili. Lakini kwa mtumishi wa kima hicho, data ya kazi ya mwajiri wake inakula zaidi ya robo ya mshahara wa mwezi mmoja kila mwaka. Mwaka 2018 Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mtandao wa kasi iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 huduma ya kuanzia ya mtandao isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Mtumishi huyu amekwisha pita asilimia 2 ya mshahara wake kabla hajampigia mama yake simu, na kabla mtoto wake hajatazama somo hata moja la sayansi.

Hesabu hiyo, tena, ni ya mtu ambaye hajapatwa na mkosi wowote. Wenye kompyuta wanaujua mkosi wenyewe. Simu imezoea kuishi kwa kibaba, bali kompyuta ilibuniwa na watu wa nchi tajiri, ambako mtandao hulipiwa kwa mwezi pasipo kuhesabu kilichotumika. Ikiunganishwa na simu ya mwalimu, haijui kwamba iko Shanwe. Ikiona njia i wazi huanza kuvuta marekebisho ya mfumo wake bila kubisha hodi, mara MB mia kadhaa, mara GB nzima, huku mwenyewe ameinamia fomu isiyozidi ukurasa mmoja. Kifurushi cha wiki huungua kwa saa moja. Na ikiwa matumizi yataendelea nje ya kifurushi, GB 6 zile zile ambazo zingegharimu shilingi 12,000 na ziada sasa zingegharimu zaidi ya shilingi 55,000. Kanuni za vifurushi za mwaka 2021 zilikusudia mteja aarifiwe kifurushi kinapokaribia kwisha, na asiendelee kutozwa nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Ni kanuni njema, na inafaa kila mtumishi aijue na aidai kama anavyodai risiti dukani.

LUMBESA YA AINA MPYA

Mkulima wa Katavi anaifahamu lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, akataka lijazwe hadi mdomoni, kisha lishonewe kilemba juu yake, na bei ikabaki ya gunia moja. Mkulima hupeleka mpunga au mahindi ya gunia moja na nusu, akarudi nyumbani na fedha ya gunia moja. Dola imeukataa wizi huo kwa sheria ya vipimo, viongozi wameukemea mwaka hadi mwaka, na Wakala wa Vipimo amepewa kazi ya kuukomesha. Msingi wa sheria hiyo ni mmoja na ni wa haki: kipimo ni amana. Mtu alipie anachochukua, na achukue alicholipia.

Iweje basi msingi huo usifike katika biashara ya data? Mwalimu hununua GB kadhaa za wiki moja. Umeme unakatika siku mbili, au mtandao unazorota, au mwalimu mwenyewe anaugua. Wiki ikiisha, kilichobaki hufa. Hakurudishiwa fedha, wala hakupewa data. Katika lumbesa ya gunia mnunuzi huchukua asicholipia. Katika lumbesa ya kifurushi muuzaji hujirudishia alichokwisha uza. Ufundi ni tofauti, unyonyaji ni ule ule.

Dhuluma haiishii hapo. Mwenye fedha nyingi kwa pamoja hununua kifurushi kikubwa cha mwezi, na MB yake moja humjia kwa bei nafuu. Asiye na fedha hununua cha siku, kesho tena cha siku, na MB zile zile humjia kwa bei ya juu. Maskini analipa zaidi kwa kuwa ni maskini. Maneno hayo hayatoki katika jukwaa la siasa peke yake. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini, baada ya uchunguzi wake wa soko la data, ilisema katika ripoti ya Desemba 2019 kwamba wanunuzi wa vifurushi vidogo, yaani wanyonge, walikuwa wakitozwa zaidi kwa kila MB kuliko matajiri. Kutokana na shinikizo hilo, kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo, Vodacom, ilishusha bei ya kifurushi cha GB 1 cha siku 30 kutoka randi 149 hadi randi 99 kuanzia Aprili 2020. Kampuni haikufilisika.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianza Oktoba 2019 kuuza data isiyokuwa na tarehe ya kufa. Hapa nchini wananchi wanakumbuka Aprili 2021: viwango vipya vya vifurushi vilianza tarehe 2 ya mwezi huo, malalamiko yakatanda nchi nzima, na Serikali ikavisitisha. Funzo la mambo hayo matatu ni kwamba bei ya data haikushushwa kutoka mbinguni pamoja na mvua. Inapangwa na watu, na watu wanaweza kuipanga upya.

HOJA TATU NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza husemwa na makampuni na wataalamu wao: kwamba bei ya data ya Tanzania ni nafuu ikilinganishwa na nchi nyingi za Afrika. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai ukweli ukatazwe kwa sababu umesemwa na mpinzani. Lakini unafuu hupimwa kwa mfuko wa mnunuzi, haupimwi kwa bei ya jirani. Aidha, swali lililoko mezani ni nani alipe. Chaki nayo ni nafuu, nafuu kuliko data, na bado haidaiwi mwalimu.

Hoja ya pili husemwa ofisini: kwamba mtumishi akipewa data atatazama mpira na nyimbo. Hapana shaka wapo watakaofanya hivyo, kama walivyokuwapo walioandikia barua zao za mapenzi kwenye karatasi za Serikali. Serikali haikuacha kununua karatasi kwa sababu hiyo. Iliweka daftari la stoo. Data ya kazi nayo ina daftari lake, tena linalojiandika lenyewe, kwa maana mitambo inaweza kuruhusu mifumo ya Serikali peke yake na kuufunga mpira. Hoja hii basi ni kisingizio cha uvivu wa kupanga.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: fungu halipo. Mwalimu mkuu anaposema hivyo huwa anasema kweli. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, 6,000 zikielekezwa shuleni na 4,000 kwenye vitabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 500 ingepokea shilingi 3,000,000 kwa mwaka, yaani shilingi 250,000 kwa mwezi, ambazo ndani yake zinahitajika chaki, ukarabati, mitihani, michezo na vifaa vya ofisi. Ikiwa shule hiyo ina walimu 12 na kila mmoja apewe data ya shilingi 12,000, zingetoka shilingi 144,000, na shule ingebaki na mtandao pasipo chaki. Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kutuliwa mabegani mwa mwalimu mkuu. Ni lazima ubebwe na yule aliyeuanzisha, yaani ofisi iliyobuni mfumo na kutoa waraka wa kuutumia.

Na hapa ndipo kosa kubwa la mipango linapoonekana. Serikali ni mteja mkubwa kuliko wote nchini, lakini kwa data ya watumishi wa ngazi ya chini inanunua kama mteja mdogo kuliko wote. Inanunua kwa kibaba, kupitia mfuko wa mwalimu mmoja mmoja, kwa vocha ya siku katika kibanda cha Shanwe, kwa ile bei ambayo maskini hutozwa. Mfanyabiashara gani mwenye akili, akiwa na mahitaji ya maelfu kwa maelfu ya watumishi, angekwenda sokoni kwa mtindo huo? Angeita makampuni mezani, akataja kiasi chote anachokihitaji kwa mwaka, na bei ingeanguka kabla chai haijapoa.

HISTORIA INASEMAJE?

Taifa hili limewahi kukabiliana na kazi kubwa zaidi likiwa na fedha chache zaidi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu vilivyochapishwa kwa ajili yao, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna mkulima aliyeambiwa anunue mawimbi ya redio. Sauti ya mtangazaji haikupungua kwa jirani kwa sababu kikundi cha kwanza kilikwisha isikia. Chama na Serikali yake walielewa kwamba elimu wanayoitaka wao kwa ajili ya Taifa zima, njia yake ya kuifikisha ni juu yao.

Watu wa Mpanda wana ushahidi mwingine, nao uko kituoni kwao. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa na wakoloni ili kuchukua madini ya risasi. Lengo lake halikuwa mwananchi. Baada ya uhuru reli hiyo ikawa ya wananchi, wakapanda wao na mizigo yao, kwa sababu uamuzi ulifanywa kwamba miundombinu ya nchi iwatumikie watu wa nchi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China, ni reli ya zama hizi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukitoa ruzuku ili minara ifike vijijini. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 kwa utaratibu huo. Fedha ya umma imeingia katika waya na katika minara. Haiwezekani basi umma ukawa na sauti wakati wa kulipa deni, ukakosa sauti wakati wa kupanga nauli.

Vishikwambi navyo vina la kusema. Vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini kifaa kisichokuwa na data ni kama trekta lisilo na dizeli: hupendeza kupiga nalo picha.

KODI JUU YA NAULI

Liko jambo moja zaidi ambalo watumishi hulinong'ona na ambalo ni afadhali lisemwe wazi. Huduma ya mawasiliano imekuwa ikitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 hivi, na juu ya jumla hiyo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kwa kiwango hicho, huduma ya shilingi 100 humfikia mnunuzi kwa shilingi 138 hivi. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 10,000 anazotoa mwalimu kwa ajili ya data, shilingi 2,750 hivi ni kodi.

Kodi ni wajibu, na kodi ndiyo iliyojenga madarasa. Lakini itazamwe picha yote. Serikali inamtuma mtumishi wake kazini; mtumishi analipa nauli mwenyewe; na juu ya nauli hiyo anailipa Serikali iliyomtuma. Mzee wa kijiji asiyejua kusoma hata herufi moja angeliona kosa lililomo. Hazina haitapata hasara kubwa ikiachia kodi ya data inayotumika kwa kazi yake yenyewe, kwa maana fedha hiyo hata sasa inatoka katika mshahara ambao Hazina hiyo hiyo imeulipa.

Mtumishi naye hana ruhusa ya kukunja mikono. Kujitegemea kunaanza na kuijua zana. Kompyuta inaweza kuambiwa, katika mpangilio wake wa mtandao, kwamba njia inayotumia inahesabiwa, nayo itaacha kuvuta mizigo mikubwa bila ruhusa. Programu zinazojifungua zenyewe zinaweza kuzimwa. Video inaweza kushushwa ubora. Kitabu kimoja kinaweza kupakuliwa na mwalimu mmoja kikahamishwa kwa wenzake 11 kwa kifaa kidogo cha kuhifadhia, bila MB moja zaidi kutumika. Shule ambayo kila mwalimu anapakua peke yake faili lile lile inafukuza fedha kwa fimbo. Ushirika si jambo la shamba na ghala tu.

KINACHOTAKIWA

Ufumbuzi hauhitaji tume wala safari za nje. Waraka wowote unaoanzisha mfumo wa kutumiwa na watumishi utaje pia fungu litakalolipia data yake. Usipolitaja, uhesabiwe kuwa haujakamilika, urudishwe kwa aliyeuandika. Mifumo yote ya Serikali ambayo mtumishi analazimika kuitumia, ukiwamo ule wa kusimamia utendaji ulioanza katika mwaka wa fedha 2023/24, ifunguke bila kula kifurushi cha mtu. Hilo linawezekana, kwa sababu makampuni yenyewe yamewahi kufungua baadhi ya kurasa za masomo bila malipo. Kwa kazi zinazozidi hapo, Serikali inunue data kwa pamoja kama mteja mmoja mkubwa, kwa mkataba unaosema kwamba data isiyotumika muhula huu inahamia muhula ujao. Na msingi wa mizani ya haki ambao umemlinda mkulima dhidi ya lumbesa upelekwe, kwa kanuni zilizo wazi, hadi katika kifurushi cha kila mwananchi.

Wako watendaji watakaochukia wakisoma maneno haya, hasa wale ambao ofisi zao zina mtandao usiokatika, uliolipiwa na umma, na ambao huandika barua za kumkaripia mwalimu wa Shanwe kwa kuchelewesha taarifa. Hao na wakumbuke Mwongozo wa mwaka 1971, ulioonya juu ya viongozi wenye majivuno na wanaowadharau wanaowaongoza. Kumdai mtu kazi huku ukijua kwamba zana yake anainunua kwa fedha ya unga wa wanawe ni namna mojawapo ya dharau hiyo, hata kama barua imeanza kwa neno "Ndugu".

Chama ndicho chenye wajibu wa kuisimamia Serikali kwa niaba ya wafanyakazi na wakulima. Hakina budi kuuliza swali hili katika vikao vyake, kuanzia tawi hadi Taifa, na kuliuliza kabla bajeti haijafungwa: mwalimu anayefundisha watoto wa nchi hii, mtandao wake wa kazi unalipwa kutoka fungu gani? Jibu likiwa ni kwamba unalipwa kutoka mfukoni mwake, basi kikao hicho kisifungwe. Mwaka mpya wa shule utakapoanza, maboksi ya chaki yatafika Shanwe kama kawaida, na hakuna mwalimu atakayetozwa. Data ipandishwe gari hilo hilo.